Vibonzo vya mashujaa: Msomaji aanzie wapi kabla ya kuingia sinema?

KILA inapotangazwa kwamba filamu mpya ya mashujaa wenye nguvu za ajabu i njiani, swali moja huzuka miongoni mwa mashabiki, kuanzia Kinoo na Uthiru hadi Westlands na katikati ya jiji la Nairobi: Je, ni vibonzo gani vinavyofaa kusomwa kwanza?

Swali hili ni zito kuliko linavyodhaniwa. Superman alichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1938, na tangu wakati huo kampuni za Marekani zimetoa maelfu ya matoleo. Hakuna awezaye kuyasoma yote, na mzazi wa Kinoo anayegawa kipato chake kati ya karo, kodi ya nyumba na nauli hawezi kununua hata sehemu ndogo ya mrundo huo.

Isitoshe, anayenunua bila mpango huenda akajipatia kitabu kisichohusiana kabisa na filamu anayoingojea, ama kile kinachomfichulia mwisho wake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua. Mfano mkuu ni Black Panther, filamu iliyotoka Februari 2018. Tumeiteua kwa kuwa ina mkono wa Kenya ndani yake: Lupita Nyong'o aliigiza humo kama Nakia, na mwezi huo huo filamu ilionyeshwa kwa hafla maalumu jijini Kisumu, kaunti ambayo babake, Prof Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wake.

Filamu yenyewe tayari imetazamwa na wengi, hivyo msomaji anaweza kuilinganisha na vitabu na kujifunza kanuni atakazozitumia kwa filamu nyingine yoyote.

MTEGO WA 'TOLEO LA KWANZA'

Vibonzo vya Marekani hutoka kwa matoleo membamba ya kila mwezi, na hadithi moja huweza kuenea katika matoleo manne, sita au hata kumi na mawili. Baadaye matoleo hayo hukusanywa na kuchapishwa kama kitabu kimoja. Mkusanyiko huo ndio unaomfaa msomaji wa kawaida.

Mtego wa kwanza ni nambari. Kampuni huwa na mazoea ya kuanza kuhesabu upya kila mwandishi mpya anapokabidhiwa mhusika. Black Panther amekuwa na toleo la kwanza la jarida lake mnamo 1977, 1988, 1998, 2005, 2009, 2016, 2018, 2021 na 2023.

Kwa hivyo, anayeingia dukani na kuitisha "Black Panther namba moja" anaweza kupewa vitabu tisa tofauti, vya waandishi tofauti na visa visivyofanana.

Na hata hivyo hakuna kati ya hivyo kilicho mwanzo halisi. Mfalme T'Challa wa Wakanda alizaliwa katika jarida la wengine, Fantastic Four, toleo la 52 la Julai 1966. Waliombuni ni Stan Lee na Jack Kirby, miaka mitatu tu baada ya Kenya kupata uhuru.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: Usitafute nambari, tafuta jina la mwandishi na jina la hadithi.

FILAMU IMECHOTA WAPI?

Kanuni ya pili ni kuuliza filamu imechota wapi. Aghalabu mwelekezi hatumii kitabu kimoja. Yeye huokota adui hapa, mahali pale, na mzozo kwingineko, kisha akavichanganya kama mpishi.

Katika Black Panther, mwelekezi Ryan Coogler na mwandishi mwenzake Joe Robert Cole walichota katika visima vitatu vikuu.

Kisima cha kwanza ni hadithi ya Panther's Rage ya Don McGregor, iliyochapishwa katika jarida la Jungle Action kuanzia 1973 hadi 1975. Humo ndimo alimozaliwa Erik Killmonger, na humo ndimo mfalme anamotupwa kutoka kwenye maporomoko ya maji. Aliyeitazama filamu hataisahau picha hiyo.

Hadithi hii ina sifa nyingine. Kwa mara ya kwanza T'Challa hakuwa mgeni katika visa vya wenzake. Alirudi kwao, na wahusika karibu wote wakawa raia wa Wakanda wenye familia, kazi na malalamiko dhidi ya mfalme wao.

Kisima cha pili ni kazi ya Christopher Priest, aliyeandika matoleo mengi kati ya 62 ya jarida lililoanza 1998 na kukoma 2003. Ndiye aliyebuni kikosi cha walinzi wa kike, Dora Milaje, na pia wahusika Okoye, Nakia na afisa wa serikali ya Marekani, Everett Ross.

Priest anamtumia Ross kama msimulizi, na Ross huyo husimulia mambo shaghalabaghala, mwisho kabla ya mwanzo. Anayependa hadithi iliyonyooka atahitaji subira, ila atakayevumilia atacheka sana.

Kisima cha tatu ni kazi ya Reginald Hudlin na mchoraji John Romita Jr ya mwaka wa 2005, ambamo alizaliwa Shuri, dadake mfalme. Hiki ndicho kitabu chepesi zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa kinasimulia upya asili ya Wakanda bila kumdai msomaji ajue yaliyotangulia.

Mtu atajuaje visima hivi kabla ya filamu kutoka? Njia iliyo rahisi ni kutazama majina ya maadui na wasaidizi yanayotangazwa, kisha kuuliza kila mmoja alizaliwa katika hadithi ipi. Jina la adui mkuu ndilo ufunguo. Aliyesikia mapema kuwa Killmonger yumo, angejua moja kwa moja kwamba asome McGregor.

KITABU KITAHARIBU UTAMU?

Wapo wanaohofia kwamba kusoma kwanza kutawaondolea utamu wa kutazama. Hofu hiyo ina ukweli, lakini si sana kama inavyodaiwa.

Chukua Civil War ya Mark Millar na mchoraji Steve McNiven, iliyotoka 2006 na 2007 kwa matoleo saba. Katika kitabu, mashujaa wanagawanyika baada ya mlipuko kuua watu katika mji wa Stamford, Marekani. Katika filamu ya 2016, mlipuko unaochochea mzozo unatokea Lagos, Nigeria, na miongoni mwa wanaouawa ni raia wa Wakanda.

Badiliko hilo si dogo. Ndilo linalomleta Black Panther katika sinema kwa mara ya kwanza. Msomaji wa kitabu aliujua ugomvi, lakini hakuijua njia wala mwisho wake.

Vivyo hivyo Killmonger. Katika vibonzo yeye si ndugu wa mfalme. Filamu ilimfanya binamu yake, aliyekulia Oakland, na kwa hatua hiyo moja vita vya kugombea kiti vikageuka kuwa ugomvi wa ukoo na swali la deni ambalo Afrika inawadai, au inadaiwa na, watoto wake waliotapakaa duniani.

Zipo nyakati ambapo vibonzo humtayarisha msomaji vyema zaidi. Mwigizaji Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, watazamaji wengi hawakujua ni nani angevaa vazi la mfalme. Walioyasoma matoleo ya Hudlin ya 2009 walijua kwamba Shuri alikwisha kulivaa. Filamu ya Wakanda Forever ilipotoka 2022, haikuwashangaza.

Kwa asiyetaka kufichuliwa lolote, ushauri ni kusoma hadithi ya asili ya mhusika pekee na kukiacha kitabu chenye adui wa filamu hadi baada ya kutoka ukumbini.

STORM, BINTI WA KENYA

Mkenya ana sababu nyingine ya kusoma kabla ya kutazama. Mmoja wa mashujaa mashuhuri zaidi duniani ana asili ya humu nchini, lakini anayetegemea filamu pekee huenda asilijue hilo.

Huyo ni Ororo Munroe, aitwaye Storm, mwenye uwezo wa kuamuru mvua na radi. Alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum katika Giant-Size X-Men, toleo la kwanza, la 1975.

Kwa mujibu wa vibonzo, mamake ni N'Daré, binti wa ukoo wa kifalme nchini Kenya, na babake ni mpigapicha Mmarekani. Wazazi hao walifia Cairo, naye akakua akiiba mitaani kabla ya kutembea kusini hadi nchi ya mamake.

Halle Berry aliigiza nafasi hiyo kuanzia 2000, na Alexandra Shipp akaichukua 2016 katika filamu inayomwonyesha Storm akiwa kijana mwizi mjini Cairo. Kenya, hata hivyo, haipewi nafasi ya maana katika filamu hizo.

Anayetaka kuipata na asome matoleo matatu. La kwanza ni hilo la 1975. La pili ni Marvel Team-Up toleo la 100 la 1980, ambamo Ororo na T'Challa wanaonyeshwa wakikutana wangali wadogo. La tatu ni hadithi ya Storm ya mwaka wa 2006 iliyoandikwa na mwanariwaya Eric Jerome Dickey, inayoyarejelea mapenzi hayo ya ujana. Mwaka huo huo wawili hao walifunga ndoa katika Black Panther toleo la 18.

Lakini na asome kwa macho makavu. Kenya ya toleo la 1975 ni kijiji cha watu wanaomwabudu Ororo kama mungu wa mvua. Hakuna matatu, hakuna shule, hakuna gazeti.

Mwaka huo huo jijini Nairobi lilikuwa likiuzwa jarida la Joe, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likiwachekesha wasomaji kwa vibonzo kuhusu ofisi, baa na mahangaiko ya mkazi wa jiji. Kuziweka picha hizo mbili za nchi moja ubavu kwa ubavu kunafunza mengi kuhusu nani alikuwa akituchora na alituona vipi.

KWA NINI FILAMU HUBADILISHA

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa katika kusoma kabla ya kutazama. Msomaji hupata kipimo cha kuhukumu kilichobadilishwa na sababu yake.

M'Baku, kiongozi wa kabila la Jabari aliyependwa na watazamaji wengi, aliingia katika vibonzo mnamo 1969 akiwa na jina la utani linalomfananisha na nyani. Kumwita Mwafrika jina kama hilo ni tusi la kale. Filamu ilililaza jina hilo kaburini na kumpa M'Baku heshima, ucheshi na jeshi linalomwokoa mfalme.

Nakia naye, ambaye kwa Lupita ni jasusi shupavu anayewatetea wanyonge, katika vibonzo vya Priest ni msichana mdogo aliyepofushwa na mapenzi kwa mfalme hadi akageuka adui. Dora Milaje walikuwa walinzi na wakati huo huo wachumba wa jina tu wa mfalme; filamu iliwabakisha walinzi.

Mzazi anayemnunulia binti yake kitabu akitarajia Nakia wa Lupita atashangaa. Ndiyo maana ni vyema kujua mapema.

Kwa anayetaka kitabu kinachohoji badala ya kusifu, ipo kazi ya Ta-Nehisi Coates na mchoraji Brian Stelfreeze ya 2016, A Nation Under Our Feet. Humo raia wa Wakanda wanaasi na kuuliza kwa nini taifa lenye elimu kubwa kiasi hicho bado linatawaliwa na mtu mmoja. Ni swali ambalo msomaji wa Afrika Mashariki halihitaji kufasiriwa.

NJE YA WAKANDA

Kanuni hizi hutumika kwingineko. Kwa filamu za Batman za 2005 na 2008, vitabu viwili vinatosha: Batman: Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli, iliyotoka 1987 kwa matoleo manne tu, na The Long Halloween ya Jeph Loeb na Tim Sale ya 1996 na 1997.

Kwa filamu za katuni za Spider-Man zilizoanza 2018, msomaji aanze na visa vya Miles Morales, kijana aliyebuniwa 2011 na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli, badala ya kurudi hadi Peter Parker wa 1962.

Afrika pia imeanza kutoa vyake. Iyanu, kitabu cha Mnigeria Roye Okupe kilichochapishwa 2021, kiligeuzwa kuwa kipindi cha katuni za runinga kilichoanza kuonyeshwa 2025.

Humu nchini, mazoea ya kusoma hadithi kwa picha ni ya kale. Wazee watamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film la miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, lililotumia picha za kamera badala ya michoro. Wasomaji wa Taifa Leo walikua na Juha Kalulu wa Edward Gitau.

Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanyia kazi yake Nairobi hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Aprili 2012, alichora Akokhan, hadithi ya nguvu za ajabu iliyojengwa juu ya visasili vya Kiafrika. Nayo Shujaaz, iliyoanza 2010 na kusambazwa bila malipo kote nchini, ilitwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka wa 2012.

Hata filamu ya Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, kuhusu msichana mgonjwa ambaye kijiji chake kinamfanya shujaa, haitokani na kitabu chochote. Inaonyesha kwamba si lazima shujaa atoke ng'ambo.

BAJETI, UMRI NA MAHALI PA KUPATA

Mkazi wa Kinoo anayetafuta vitabu hivi ana njia kadhaa. Barabara ya Waiyaki humfikisha Westlands, yalipo maduka makubwa ya vitabu kama lile la Text Book Centre katika Sarit Centre, kisha jijini. Ni busara kupiga simu kwanza na kutaja mwandishi na hadithi, ili nauli isipotee bure.

Wauzaji wa vitabu vikuukuu katikati ya jiji huwa na bei nafuu. Hata hivyo, kagua kama kitabu kinaanza na kuisha: Mkusanyiko ulioandikwa kuwa ni wa pili au wa tatu hautakufaa bila ule wa kwanza.

Njia nyingine ni intaneti. Marvel imekuwa na huduma ya kusoma kwa malipo tangu 2007, na mwezi mmoja wa huduma kama hiyo hutosha kusoma hadithi tatu au nne. Nakala za wizi zipo tele, lakini mara nyingi hukosa kurasa, na mwandishi na mchoraji hawapati hata senti.

Marafiki watatu nao wanaweza kununua kitabu kimoja kila mmoja na kubadilishana. Kwa Black Panther, mmoja achukue Hudlin, wa pili McGregor, wa tatu Priest. Wakifika ukumbini, wote watakuwa wamesoma vitatu kwa bei ya kimoja.

Umri nao usipuuzwe. Bodi ya kuainisha filamu nchini, KFCB, huweka alama zinazoonyesha filamu inafaa watu wa umri gani. Alama hizo ni za filamu, si za vitabu. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons ya 1986 na 1987, iliyotengenezewa filamu 2009, ina michoro na rangi za kuvutia, lakini ni hadithi ya watu wazima yenye mauaji na ubakaji. Mzazi na apekue kurasa chache kabla ya kulipa.

KWA MUHTASARI

Kabla ya kununua, jiulize maswali matano. Adui mkuu wa filamu ni nani, na alizaliwa katika hadithi ipi? Mwandishi wake ni nani? Je, hadithi hiyo imekamilika katika kitabu kimoja? Inamfaa atakayeisoma kwa umri? Na je, unataka kujua kisa, au kujua asili ya mhusika tu?

Aliye na jioni moja tu na asome kitabu kimoja cha asili. Aliye na wiki asome viwili: Cha asili na cha adui. Aliye na mwezi aongeze cha tatu, kile kinachomhoji shujaa badala ya kumsifu.

Zaidi ya hapo si maandalizi tena, bali ni mapenzi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na mashabiki wengi wenye makabati yaliyojaa walianza na kitabu kimoja, kilichochaguliwa vizuri.